Na Wengine Wengi

Chukua bango lolote la shoo kubwa Nairobi, la ukutani au la kwenye simu, ulisome kutoka juu kama unavyosoma barua. Juu kabisa kuna jina la mgeni, kwa herufi za kutosha kusomwa ukiwa ndani ya matatu inayokimbia. Mara nyingi ni Mnaijeria, siku nyingine Mtanzania au Mjamaika. Chini yake kuna majina mawili matatu ya wasanii wa hapa ambao nyimbo zao unazijua. Kisha herufi zinaanza kunywea. Mstari wa ma-DJ. Mstari wa MC. Bei ya tikiti, nambari ya kulipia. Na mahali fulani katikati ya hayo yote, kwa herufi za ukubwa wa chungu, maneno matatu: na wengine wengi.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwafuatilia hao wengine wengi, na nilianza na swali jepesi. Wanaitwaje? Mwanamuziki anayepiga kabla ya yule ambaye watu wamelipa kumwona ana jina gani kwa Kiswahili? Msee mmoja wa mitambo ya sauti aliniambia bila kufikiri, "Hao ni ma-curtain raiser." Mwalimu mmoja wa Kiswahili alinipa "wasanii wa utangulizi", halafu akasita, akakiri kwamba hajawahi kumsikia mtu akilitamka nje ya karatasi. Dadangu ndiye aliyenichekesha. "Si ni wale hupiga tukiwa bado kwa jam?"

Alikuwa anatania. Lakini ukiirudia historia ya neno hilo la Kiingereza tunalolitumia Kenya nzima, utakuta dadangu ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Curtain raiser, yaani mwinua pazia, alizaliwa katika majumba ya michezo ya kuigiza ya London, karne ya 19. Jioni ya mchezo siku hizo ilikuwa ndefu na yenye vipande kadhaa, na tatizo lake kubwa lilikuwa saa ya chakula. Matajiri walikuwa wanazidi kuchelewesha chakula cha jioni, na hakuna aliyekuwa tayari kuiacha meza katikati ili awahi mchezo. Hawa ndio waliokalia viti vya mbele na vile vijumba vya pembeni vya bei. Watu wa kawaida, makarani na wenye maduka madogo na vibarua, walijaza viti vya nyuma na roshani ya juu kabisa. Wao walikuja mapema, walipanga foleni, na walitaka jioni inayolingana na pesa waliyotoa. Wenye majumba wakapata dawa: kipande kifupi, cha kitendo kimoja, kichezwe kwanza. Wa roshani wapate haki yao, wa viti vya mbele wamalize nyama yao bila haraka, na mchezo mkuu uanze wote wakiwa wameshaketi.

Fikiria hilo vizuri. Mwinua pazia alikuwa akiwaigizia maskini huku matajiri wakila. Hiyo ndiyo kazi iliyomo ndani ya neno lenyewe, na mtu akiniambia limepitwa na wakati namwomba anisindikize kwenye shoo yoyote ya uwanjani mwezi wa Desemba. Wenye tikiti za kawaida wako ndani tangu saa tisa, wamesimama juani, manake ukichelewa utaona migongo tu. Wenye meza za VIP wanashuka kwenye magari saa nne usiku, ndoo za barafu zikiwasubiri. Kati ya saa tisa na saa nne kuna watu jukwaani. Wanaimba.

Wakati mwingine yule mdogo aliiba jioni. Tarehe 25 Machi 1875, katika ukumbi wa Royalty mtaani Soho, mchezo mkuu ulikuwa La Périchole wa Jacques Offenbach, jina zito wakati huo. Ulitanguliwa na kichekesho kifupi kilichoitwa Cryptoconchoidsyphonostomata, na naapa sijaongeza hata herufi moja. Mwishoni kabisa kikawekwa kipande kidogo cha kujazia muda, Trial by Jury, kilichoandikwa na W. S. Gilbert na kutiwa muziki na Arthur Sullivan. Watu walikuja kwa Offenbach wakatoka wakizungumzia kile cha kujazia. Ushirika wa Gilbert na Sullivan ulipata miguu usiku huo, na miaka sita baadaye promota wao, Richard D'Oyly Carte, akawajengea ukumbi wao wenyewe, Savoy, ukiwa na taa za umeme kila mahali.

Halafu wao nao wakawa wakubwa, na wakubwa huhitaji wa kuwafungulia. Savoy iliagiza vipande vingi vifupi vya kutangulia michezo yao. Vingi havikuchapwa kamwe. Muziki wa baadhi umepotea, haupo popote, ingawa uliimbwa usiku baada ya usiku katika ukumbi mmojawapo uliojulikana zaidi duniani. Michezo mikuu ya jukwaa lile lile inachezwa hadi leo. Kumbe na wengine wengi si ugonjwa wa Nairobi peke yake.

Neno lenyewe lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza likaingia viwanjani: mechi ya vijana kabla ya mechi ya wakubwa, timu ya pili kabla ya timu ya kwanza. Kiingereza cha raga na kandanda kikalibeba mpaka kwetu, na kutoka viwanjani likarudi jukwaani likiwa na maana ya muziki. Jambo la ajabu ni lililotokea Kiswahili kilipolichukua. Msomaji wa kurasa za michezo anajua kwamba "mechi ya kufungua pazia" ni mechi ya kwanza ya msimu. Ni heshima. Inapigwa na mabingwa, inatangazwa mubashara, mheshimiwa fulani anakuja kupiga mpira wa kwanza. Pazia ni lile lile, ila upande mmoja anayelifungua ni bingwa na upande wa pili ni kijana aliyebeba kinanda chake mwenyewe kwenye bodaboda.

Wamarekani nao walikuwa na mpango wao, na ulikuwa wa wazi hadi ukatili. Katika vaudeville, yale maonyesho mchanganyiko yaliyozunguka miji yao kuanzia mwisho wa karne ya 19, jioni ilikuwa na vitendo vinane, tisa, na kila nafasi ilikuwa na thamani yake. Wa kwanza kupanda walikuwa wanasarakasi, mabingwa wa baiskeli au mbwa waliofunzwa. Sababu? Watu walikuwa bado wanaingia, viti vinalia, makoti yanavuliwa, na hakuna neno ambalo lingesikika. Basi wakamweka mtu asiyehitaji maneno. Nyota alipewa nafasi ya pili kutoka mwisho. Wa mwisho kabisa alikuwa wa kuwafukuza watu ukumbini ili wafagiaji waingie. Ukimuuliza mwanamuziki wa pale amepangwa wa ngapi, jibu lake lilikuwa mshahara wake.

Nimekuwa nikikusanya majina wanayoitwa hawa watu katika lugha nyingine, kama wengine wanavyokusanya stempu. Mhispania humwita telonero, kutoka telón, pazia la jukwaa. Na kamusi zake hazifichi kwamba huyo ni wa kwanza kwa kuwa uzito wake ni mdogo. Mwitaliano husema gruppo spalla, kundi la bega, na spalla pia ni yule mchekeshaji wa pembeni anayemtengenezea mwenzake nafasi ya kuchekesha. Mfini humwita mpasha moto. Kwa Mswidi ni förband, bendi ya mbele, ila neno hilo hilo ni bandeji ya kidonda, na nadhani baada ya shoo nyingine zote mbili huhitajika. Mjapani alichukua lake kutoka kwa wasimulizi wa hadithi za rakugo: zenza, kiti cha mbele, ambacho ndicho cheo cha chini kabisa cha mwanafunzi. Zenza humwandalia mwalimu chai, hupiga ngoma ya kufungua, kisha husimulia wa kwanza wakati ukumbi bado haujajaa. Lakini hapo kuna kitu ambacho sisi hatuna. Juu ya zenza kuna futatsume, na juu yake shin'uchi, bwana wa jioni, na kila shin'uchi aliwahi kumimina chai. Ngazi inaonekana.

Wafaransa ndio walionishinda. Katika kumbi za muziki za Paris, yule anayepiga kabla tu ya nyota aliitwa vedette américaine, nyota wa Kimarekani, hata kama kazaliwa Marseille na hajawahi kuvuka bahari. Oktoba 1966 ukumbi wa Olympia ulishuhudia neno hilo likikaribia kuwa kweli: kabla ya Johnny Hallyday, kipenzi cha vijana wa Ufaransa, alipanda Mmarekani mmoja na bendi iliyokuwa na umri wa siku chache. Jimi Hendrix. Mwaka uliofuata, kwao Marekani, alipelekwa kuwafungulia The Monkees, kundi la televisheni lililofuatwa na watoto wa shule. Watoto walipiga mayowe wakitaka Monkees. Baada ya shoo chache alijiondoa.

Kisa cha Hendrix husimuliwa kama kichekesho. Kinachonikera mimi ni cha Bob Marley. Aprili 1980 aliimba katika uwanja wa Rufaro siku Zimbabwe ilipopata uhuru. Juni mwaka huo huo alijaza San Siro, Milan, watu kama 100,000. Kisha Septemba, tarehe 19 na 20, yuko New York katika Madison Square Garden, na bango linasema jioni ni ya The Commodores. Marley ni wa kufungua. Alikubali kwa sababu kuna mlango mmoja ambao muziki wake haukuwa umeufungua: Wamarekani weusi. Redio zao hazikuwa zinampiga, na Commodores ndio waliokuwa na hao wasikilizaji. Mtu aliyeliimbia taifa jipya bara letu akapanda kabla ya wenyewe, kama mgeni anayepiga hodi. Tarehe 21, akikimbia mazoezi katika Central Park, alianguka. Tarehe 23 aliimba Pittsburgh, na hakuimba tena jukwaani. Mei 1981 akafa.

Siwezi kusema kufungua kulimpunguzia chochote. Ila huwa namkumbuka ninapomsikia promota akimwambia msanii wa Kayole au wa Kisauni kwamba hiyo nafasi ya saa kumi ni ya "kujulikana". Marley alijua anafuata nini pale. Alikuwa na hesabu yake. Kijana wa saa kumi huambiwa hesabu iko, aonyeshwe siku nyingine.

Wacha nikueleze siku inavyokwenda, kwa sababu asiyewahi kukaa nyuma ya jukwaa hudhani tofauti ni ya majina tu. Mwaka juzi nilimsaidia binamu yangu, anayeimba na kupiga kinanda, kubeba vyombo kwenda kwenye tamasha moja hapa Nairobi. Kupima sauti hupangwa kinyumenyume. Nyota hupima wa kwanza, kwa raha zake, kisha anayemtangulia, hivyo hivyo mpaka wa mwisho kupima awe ndiye wa kwanza kupiga, na mitambo ibaki imesimama alivyoiacha. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Lakini nyota akichelewa kutoka hotelini saa mbili, zile saa mbili hazikatwi kwake. Zinateremka. Kila aliye chini anakatwa kidogo, na binamu yangu, aliyekuwa wa mwisho, alipimiwa sauti wakati geti limeshafunguliwa na watu wanaingia. "Moja, mbili, maiki, sawa, anza."

Akaanza. Drams za nyota zilikuwa zimeshapangwa katikati ya jukwaa na kufunikwa kwa kitambaa cheusi, haziguswi, kwa hiyo yeye na mpiga gitaa wake walisimama kwenye ukanda mwembamba wa mbele, kama watu wanaosubiri lifti. Taa hazikuwashwa, ilikuwa mchana. Nilimsikia mtu wa sauti akimwambia mwenzake asipandishe sana, aache nafasi ya usiku. Hiyo nayo ni desturi ya zamani ya kazi: sauti huwekewa kikomo mapema ili nyota akipanda, masikio yahisi tofauti. Alikuwa amejiandaa kwa nyimbo tano. Baada ya ya pili MC akaja akiwa ameinua mkono. Programu imechelewa. Makofi kwake jameni, tuendelee.

Pesa zilikuwa zitumwe kwa simu wiki iliyofuata. Zilikuja ya tano, nusu.

Ma-DJ wana toleo lao la sheria hizi, na wao angalau wanazisema waziwazi. Anayefungua klabu haruhusiwi kuzichoma nyimbo za usiku. Ile ngoma ambayo jiji zima linaitaka mwezi huu anayo kwenye kompyuta, lakini akiipiga saa mbili wakati ukumbi una watu kumi na wawili, atakuwa amemwibia mkubwa wake. Kazi yake ni kupandisha joto polepole na kulikabidhi. Nimewahi kukaa na DJ mmoja wa aina hiyo, na naamini ni kazi ngumu kuliko ya anayefuata: kushikilia ukumbi usiokujali kwa nyimbo ambazo si bora ulizonazo.

Sasa, ukitaka kuona nafasi ya mbele iliyo kubwa kuliko zote Kenya, usiende tamashani. Nenda kwenye mkutano wa siasa, au uwanjani siku ya Madaraka. Watu wameingia tangu alfajiri. Mheshimiwa anakuja saa sita, labda saa nane, helikopta ikipenda. Katikati ya hapo kuna kwaya, vikundi vya ngoma, watoto wa shule, msanii aliye na wimbo unaovuma. Kizazi kilichokua chini ya KANU kinakumbuka kwaya kubwa zikiimba uwanjani rais akisubiriwa. Kizazi kilichofuata kina Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, iliyotoka 2002 kama wimbo wa vijana wawili wa rap wakijipiga kifua, NARC wakaichukua, ikawa inapasha umati kabla ya wanasiasa kushika maiki. Nafasi ile ni ya ajabu. Wasanii wachache huwahi kupewa umati mkubwa hivyo, na umati wenyewe unatazama angani kusubiri helikopta.

Na huko, kwenye ratiba za serikali, ndiko Kiswahili rasmi kina neno lake: watumbuizaji. Vikundi vya kutumbuiza. Tumelizoea hadi hatulisikii tena. Kutumbuiza, kwa asili yake, ni kumbembeleza mtu kwa wimbo, kama mama anavyomwimbia mtoto mpaka alale. Hebu limeze hilo. Mfini anataka mtu wa kupasha moto, sisi tumewapa kazi ya kuwabembeleza wananchi wasisumbue mpaka mwenyewe afike. Sijui lugha nyingine iliyosema ukweli wa siasa kwa neno moja kama hilo, na nadhani hakuna aliyekusudia.

Utangulizi, lile neno la mwalimu, linaishi vizuri zaidi upande wa ndondi. Magazeti ya Tanzania huandika "mapambano ya utangulizi" na kila shabiki anaelewa. Tatizo la mtangulizi kama jina la mtu ni kwamba limeshachukuliwa na wakubwa: mtangulizi wa rais ni rais mwingine. Na tuna ile methali, kutangulia si kufika, ambayo ukimwambia msanii anayekwenda kupanda saa kumi anaweza kukurushia waya.

Tanzania wana neno jingine ninalolipenda kwa sababu limejaa adabu. Utasikia kwamba fulani atapiga shoo "akisindikizwa na" fulani na fulani. Kusindikiza ni kile unachomfanyia mgeni anapoondoka: unatoka naye, mnatembea mkiongea mpaka barabarani, unamwacha pale anapopata gari. Hakuna anayemsindikiza mtu asiyemheshimu. Ukiitwa msindikizaji, umehesabiwa kuwa wa nyumba. Sema tu kwamba mgeni huyu anasindikizwa na watu waliomtangulia saa sita, wameshaimba, wameshakunja nyaya, na wako kwenye matatu ya kurudi Githurai yeye akiwa bado bafuni hotelini.

Bendi za rumba zilizopiga Nairobi miaka ya sabini na themanini hazikuwa na haja ya neno. Zilijifungulia zenyewe. Usiku ulianza na vyombo, gitaa zikichekeana bila mwimbaji, halafu waimbaji wadogo wa bendi wakachukua nyimbo za zamani, na wenye majina wakatokea watu wakiwa wameshatoka jasho. Wa mbele na wa mwisho walivaa sare moja. Haimaanishi walipendana; bendi hizo zilipasuka kila mara, na Les Mangelepa wenyewe ni wanamuziki waliotoka kwa Baba Gaston mwaka wa 1976 wakaanzisha yao hapa hapa. Lakini mwimbaji mdogo alipofungua usiku, alifungua usiku wa bendi yake.

Mzee wa hili zaidi yuko pwani. Katika taarabu ya Unguja, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, jioni hufunguliwa kwa bashrafu. Ni muziki mtupu: udi, kanuni, fidla, hakuna anayeimba. Kipande kimefika Zanzibar kupitia Misri, na Waarabu walikipata kwa Waturuki, wanaokiita peşrev, na Waturuki walilichukua neno kwa Waajemi. Kwa Kiajemi ni maneno mawili yaliyounganishwa: pish, mbele, na rav, kwenda. Kinachokwenda mbele. Waarabu hawana sauti ya p, wakaigeuza b, na ikatufikia hivyo. Maana yake tunaweza kuwa na neno la jambo hili katika Kiswahili kwa zaidi ya miaka mia, lililosafiri mbali kuliko curtain raiser, na tumeliacha huko Unguja likiwa jina la kipande cha muziki.

Najua wataalamu wa taarabu watanirukia, kwamba bashrafu si mtu, na haina nyota inayemfungulia. Ndiyo hasa ninachokipenda. Anayepiga bashrafu haondoki jukwaani ikiisha. Fidla ile ile iliyofungua jioni ndiyo itakayombeba mwimbaji maarufu saa moja baadaye, na mwimbaji akipanda anakuta watu wake wameshakaa. Haikuwekwa pale kwa ajili ya waliochelewa kula. Ipo kwa sababu masikio nayo hufunguliwa.

Nilimweleza binamu yangu haya yote jioni moja, Uajemi, London, Olympia, nikiwa nimejawa na furaha ya mtu aliyepata kitu. Alisikiliza akizungusha kikombe. Swali lake lilikuwa moja. Hao wapiga bashrafu, hulipwa lini?

Pamoja na wenzao, nikamwambia. Ni watu wale wale.